Chandarua Chenye Dawa: Kutoka Kiwanda cha Arusha hadi Vibanda vya Moshi

Kwa desturi kiwanda cha nguo na kiwanda cha kemikali huwa ni vitu viwili mbalimbali. Cha kwanza hupokea pamba na kutoa kanga, vitenge na mashuka. Cha pili hupokea mafuta, chumvi na asidi na kutoa mbolea, rangi na madawa. Mfumaji hana haja kubwa ya kujua habari za molekuli, wala mkemia hana haja ya kujua jinsi sindano zinavyofunga tundu la wavu. Lakini ipo bidhaa moja iliyowalazimisha watu hao wawili kufanya kazi chini ya paa moja, nayo ni chandarua chenye dawa ya kudumu.

Chandarua cha namna hiyo kilianza kutengenezwa mjini Arusha, kiasi cha kilomita 80 magharibi ya Moshi, mwezi Septemba mwaka 2003. Dawa ya kuua mbu haikupakwa juu ya nguo bali ilitiwa ndani ya uzi wenyewe. Makala haya yanaeleza asili ya kiwanda hicho, jinsi uzi unavyobeba dawa, na sababu zilizofanya kazi yake ipimwe tena na tena katika vibanda vya utafiti vilivyo kwenye tambarare chini ya Mlima Kilimanjaro.

MLIMA, TAMBARARE NA MALARIA

Msafiri ateremkaye kutoka Marangu au Kibosho hadi Moshi mjini, kisha akaendelea kusini mpaka Mabogini na mashamba ya miwa ya TPC, hupita katika muda wa saa chache ngazi zote za ugonjwa wa malaria. Kule juu ugonjwa huu ni haba. Kadiri mtu anavyoteremka ndivyo hatari inavyoongezeka. Sababu kubwa ni joto. Kimelea kinachosababisha malaria kali, yaani Plasmodium falciparum, hakina budi kukua ndani ya mwili wa mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Hewa ikiwa ya joto, ukuaji huo huchukua siku 10 hadi 14 hivi. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 ukuaji huenda polepole mno, na karibu na nyuzi 16 husimama kabisa. Mbu mwenyewe maisha yake ni mafupi, kwa hiyo mahali penye baridi hufa kabla kimelea hakijakomaa.

Mpango wa maisha ya Wachagga ulilingana na hali hiyo. Nyumba, migomba na kahawa vilikuwa katika kihamba mteremkoni, na shamba la mahindi lilikuwa chini tambarare, mahali pa kwenda kulima na kurudi. Watu walipozidi kuwa wengi na vihamba kugawanyika, familia nyingi zilihamia chini kwenye joto, na pamoja na ardhi mpya zikapata ugonjwa ambao babu zao waliuepuka kwa kuishi juu.

Eneo hili halikuwa geni kwa wataalamu wa malaria. Mashariki ya Moshi, kati ya Upare na Taveta, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini tangu mwaka 1955 hadi 1959. Malaria ilipungua kwa kiasi kikubwa sana, lakini upuliziaji uliposimamishwa ugonjwa ulirudi hatua kwa hatua. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba mbu hashindwi kwa kampeni ya mara moja.

Katika miaka ya 1980 ulikamilishwa mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ukiwa na hekta 1,100 hivi za mpunga. Maji yaliyosimama majarubani yakawa mazalio mema ya mbu aina ya Anopheles arabiensis. Ingetazamiwa kwamba malaria nayo ingepanda kwa kiasi hicho hicho. Hata hivyo uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 na Jasper Ijumba, Franklin Mosha na Steve Lindsay ulionyesha jambo la kustaajabisha. Kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi kuliko kijiji jirani cha mahindi, lakini hatari ya kuambukizwa malaria ilikuwa ndogo zaidi katika kijiji hicho cha mpunga. Mambo yanayotajwa katika kulieleza jambo hilo ni pamoja na tabia ya mbu hawa ya kuwauma ng'ombe, na uwezo wa wakulima wa mpunga kununua vyandarua. Nguo nyembamba iliyotundikwa juu ya kitanda iliweza kupunguza nguvu ya jeshi zima la mbu.

UA LA PARETO NA MWIGO WAKE

Dawa iliyotumika kwenye vyandarua ina ukoo wa karibu na zao ambalo wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki walilifahamu vizuri. Pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano, asili yake ni pwani ya Dalmatia huko Ulaya. Lililetwa Kenya katika miaka ya 1920, likaenea Tanganyika katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu Afrika Mashariki ikawa mzalishaji mkuu duniani. Maua yake yaliyokaushwa yana kemikali inayoitwa pirethrini, ambayo humwangusha mdudu upesi na madhara yake kwa binadamu ni madogo.

Pirethrini ina udhaifu mmoja, yaani huharibiwa upesi na mwanga wa jua. Dawa iliyopuliziwa asubuhi huenda jioni isiwe na nguvu. Wakemia walijaribu kwa miaka mingi kuiga umbo la molekuli hiyo huku wakiondoa udhaifu wake. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza kemikali iitwayo permethrini. Hiyo iliua wadudu kama mama yake wa shambani, lakini ilistahimili jua.

Namna inavyoua yafaa kuelezwa. Katika mishipa ya fahamu ya mdudu imo milango midogo sana inayopitisha chembe za sodiamu. Mlango hufunguka, ujumbe hupita, kisha mlango hufungwa. Permethrini huushika mlango usifungike. Ujumbe hupita bila kikomo, mdudu hutetemeka, huanguka na kufa. Mbu anayetua juu ya wavu huigusa dawa hiyo kwa miguu, na mara nyingi dakika chache za mguso zatosha.

Katika miaka ya 1990 majaribio yaliyofanywa Bagamoyo, na baadaye Kilombero na Ulanga, yalionyesha thamani ya kuchovya vyandarua katika dawa za jamii hii. Kule Kilombero na Ulanga, ambako vyandarua viliuzwa kwa jina la «Zuia Mbu», matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafuu ya asilimia 27 katika kunusurika na kifo. Lakini chandarua kilichochovywa kilidai kuchovywa tena kila baada ya miezi 6 hivi, na kila kilipofuliwa dawa ilitoka pamoja na uchafu. Mama mwenye kazi nyingi na fedha chache hakuweza kila mara kununua pakiti nyingine ya dawa kwa wakati wake. Nguo ilibaki ukutani ikiwa safi, na mbu akatua juu yake bila kudhurika.

KIWANDA CHA NGUO CHAGEUKA KIWANDA CHA KEMIA

Kampuni ya A to Z ilianzishwa Arusha mwaka 1966 ikiwa kiwanda kidogo cha kushona nguo. Ulikuwa wakati wa kujengwa kwa viwanda vya nguo nchini. Sunflag na Kiltex zilifanya kazi Arusha, na mwaka 1968 Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Viwanda hivi vilitegemea wazo rahisi, kwamba nchi inayolima pamba haifai kuuza marobota ghafi na kununua nguo.

Chandarua chenye dawa ya kudumu hakikufuata njia hiyo. Uzi wake si pamba bali ni poliethilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli na gesi. Ufundi wa kuchanganya permethrini na plastiki hiyo ulibuniwa Japani na kampuni ya Sumitomo Chemical, hapo mwanzo kwa ajili ya nyavu za madirisha ya viwandani. Mtaalamu Takaaki Itoh akaona kwamba nyavu hizo zingeweza kuwalinda watu vitandani. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chandarua hicho, kiitwacho Olyset, na ndicho kilichokuwa cha kwanza cha aina yake kupata kibali hicho.

Ili bei ishuke na bidhaa ipatikane karibu na wagonjwa, ufundi huo ulihamishiwa Arusha bila malipo ya haki ya ubunifu. Mfuko wa Acumen ulitoa mkopo wa mashine, kampuni ya ExxonMobil ilihusika katika upatikanaji wa plastiki, na UNICEF ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Kuanzia Septemba 2003 mashine zilianza kazi. Mwaka 2007 A to Z na Sumitomo ziliunda kampuni ya ubia, Vector Health International, na mitambo mipya mikubwa ikajengwa Kisongo, nje ya mji wa Arusha. Katika miaka ya uzalishaji mkubwa kabisa, uwezo wa viwanda hivyo ulitajwa kuwa karibu vyandarua milioni 30 kwa mwaka, na wafanyakazi kufikia 7,000 hivi, wengi wao wakiwa wanawake.

Vyandarua hivyo vilikuta mahitaji makubwa. Tangu mwaka 2004 mpango wa Hati Punguzo uliwapa kina mama wajawazito hati ya kununulia chandarua dukani kwa bei ndogo. Mwezi Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alikitembelea kiwanda cha Arusha na kutangaza mchango wa vyandarua milioni 5.2 kwa watoto wa Tanzania. Katika kampeni iliyofuata, karibu vyandarua milioni 9 viligawiwa kwa watoto wa chini ya miaka 5, na katika miaka ya 2010 na 2011 karibu milioni 18 viligawiwa kwa kaya zote nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2007-08 ulikuta vimelea katika asilimia 18 ya watoto wa Tanzania Bara wa umri huo. Ule wa 2011-12 ulikuta asilimia 9.

JINSI UZI UNAVYOBEBA DAWA

Kazi huanza kwa punje za plastiki, ndogo kama mahindi. Sehemu ya punje hizo huwa zimekwisha kuchanganywa na permethrini nyingi. Punje za namna zote mbili hupimwa, huchanganywa na kuyeyushwa pamoja hata dawa ikawa asilimia 2 ya uzito wa uzi. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu kupitia sahani yenye matundu membamba, ikatoka kama tambi ndefu. Nyuzi hizo hupozwa, huvutwa ili ziwe nyembamba na imara, kisha huzungushwa kwenye magurudumu.

Hatua ya kuyeyusha ndiyo ngumu kuliko zote kwa upande wa kemia. Moto ukizidi dawa huharibika. Ukipungua plastiki haitiririki sawasawa na uzi hukatika. Si kila dawa ya wadudu inayoweza kuvumilia tanuru la plastiki, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya permethrini ichaguliwe.

Baada ya hapo kazi huingia mikononi mwa mfumaji. Nyuzi nyingi hupangwa sambamba na kuingizwa katika mtambo wenye sindano nyingi, ambao hufunga kila tundu ili lisitanuke uzi mmoja ukikatika. Matundu ya chandarua hiki ni mapana kuliko ya vyandarua vya kawaida, yapata milimita 4, kwa sababu mbu akijaribu kupenya atagusa uzi wenye dawa. Upana huo huruhusu hewa kupita, jambo lenye maana kubwa katika usiku wa joto huko Mabogini. Mwishoni wavu hupashwa moto kidogo ili ukae umbo lake, hukatwa, hushonwa na kufungwa.

Siri ya udumu iko katika mwendo wa molekuli. Permethrini iliyo ndani ya uzi haitulii mahali pamoja, bali husafiri polepole kutoka katikati kwenda juu ya uso. Chandarua kikifuliwa, dawa ya juu huondoka na maji. Baada ya siku kadhaa, dawa nyingine huwa imepanda kutoka ndani na kujaza nafasi yake, na joto huharakisha mwendo huo. Uzi ni kama ghala, na uso wake ni kama duka: bidhaa ya dukani ikiisha, nyingine hutolewa ghalani. Kipimo cha kimataifa hudai kwamba chandarua cha kudumu kibaki na nguvu baada ya kufuliwa mara 20 maabara na baada ya miaka 3 nyumbani.

Yafaa kukumbuka kwamba dawa na nguo havizeeki kwa mwendo mmoja. Utafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, uliofuatilia zaidi ya vyandarua 10,000 katika wilaya 8 za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba nusu ya vyandarua vya Olyset vilikuwa vimekwisha kufaa baada ya miaka 2 hivi, na vya aina nyingine mbili baada ya miaka 2 na nusu au zaidi kidogo. Vilichanika, vilishika misumari ya vitanda au vilitupwa. Mkemia aliweka akiba ya dawa ya miaka mitatu katika nguo ambayo mara nyingi haikufika huko.

VIBANDA VYA MOSHI CHINI

Haitoshi kiwanda kutangaza kwamba chandarua chake huua mbu. Neno hilo lazima lipimwe mahali ambapo mbu ni wa kweli, usiku ni wa kweli na mtu amelala. Kwa kazi hiyo watafiti wa hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na wa chuo chake cha tiba, wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na chuo cha London cha usafi na magonjwa ya nchi za joto, walitumia vibanda maalumu vilivyojengwa Moshi Chini.

Umbo la vibanda hivyo lina asili ya hapa hapa kaskazini. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Alec Smith, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa viuatilifu huko Arusha, alibuni nyumba ndogo yenye baraza pande zote na mitego madirishani. Baadhi ya baraza zimezibwa kwa wavu ili kuwanasa mbu wanaotoka, na nyingine zimeachwa wazi ili waingie. Sakafu imeinuliwa na kuzungukwa na mfereji wa maji, maana siafu na sisimizi huweza kuwala mbu waliokufa kabla hawajahesabiwa.

Jioni mtu aliyekubali kwa hiari yake, ambaye ameelezwa hatari na kupewa kinga na matibabu, hulala ndani ya kibanda chini ya chandarua kinachopimwa. Chandarua hicho hutobolewa matundu kwa makusudi ili kifanane na kilichochakaa. Baadhi huwa vipya, baadhi vimefuliwa mara 20, na katika kibanda kimoja hutundikwa chandarua kisicho na dawa kwa ajili ya ulinganisho. Walalaji hubadilishana vibanda kila usiku, kwa kuwa watu wengine huvutia mbu kuliko wenzao. Alfajiri mbu wote hukusanywa na kuhesabiwa kwa makundi: waliokufa na walio hai, walioshiba damu na wenye njaa, waliobaki ndani na waliokimbilia barazani. Kwa hesabu hiyo hujulikana mambo matatu, yaani kama dawa imeua, kama imemzuia mbu kuuma, na kama imemfukuza aende kwa jirani.

MBU APATA USUGU

Hesabu za alfajiri zilianza kubadilika. Watafiti wa Moshi, akiwamo Johnson Matowo, walieleza mwaka 2010 kwamba mbu wa Anopheles arabiensis wa Moshi Chini walikuwa wakinusurika na permethrini kuliko hapo awali. Swali lilikuwa ni kwa njia gani. Katika sehemu nyingi za Afrika mbu wamegeuza umbo la ule mlango wa sodiamu, hata dawa isiweze kuushika. Katika mbu wa Moshi badiliko hilo lilionekana kwa nadra mno. Badala yake vipimo vilionyesha wingi wa vimeng'enya ambavyo huivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu.

Vimeng'enya hivyo havikuumbwa kwa ajili ya vyandarua. Kila mdudu anavyo kwa kujikinga na sumu za mimea na uchafu. Lakini dawa inapowaua mbu wenye vimeng'enya vichache, waliobaki ndio wanaozaa, na kizazi kifuatacho huwa na vingi zaidi. Dawa zinazonyunyizwa mashambani, nyingi zikiwa za ukoo huo huo wa pirethrini, huweza kuongeza uteuzi huo, kwa kuwa mbu hukulia katika maji ya jaruba. Hivyo mbu huyo huweza kufundishwa na mkulima mchana na na mwenye chandarua usiku.

Kiwanda kilijibu kwa kemia. Katika uzi iliongezwa kemikali ya pili, iitwayo kwa kifupi PBO, ambayo yenyewe haiui mbu bali huvifunga vile vimeng'enya. Mbu akitua, PBO humnyang'anya ngao na permethrini humpiga. Chandarua hicho, Olyset Plus, kilipimwa huko Muleba, mkoani Kagera, katika makundi 48 ya vijiji na vitongoji, na wanasayansi wa Moshi walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya miezi 9 vimelea vilikuwa katika asilimia 29 ya watoto mahali palipogawiwa chandarua chenye PBO, na katika asilimia 42 palipogawiwa kile cha zamani. Kwa msingi wa ushahidi huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kutoa pendekezo la awali mwaka 2017.

NGAO YAGEUZWA KUWA SILAHA

Hata PBO ina mwisho wake, kwani huisha katika uzi mapema kuliko permethrini. Jibu lililo imara zaidi lilikuwa limekwisha kujaribiwa katika vibanda vya Moshi miaka mingi kabla. Mwaka 2008 Franklin Mosha na wenzake walichapisha majaribio ya dawa iitwayo klorfenapiri, iliyotiwa kwenye vyandarua dhidi ya mbu wa Moshi Chini. Dawa hii haigusi mishipa ya fahamu. Huingia katika chembechembe za mwili zinazotengeneza nguvu na kuvuruga kazi yake, hata mbu akafa kwa kukosa nguvu ya kuruka na kuishi, mara nyingi baada ya siku moja hadi tatu.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba klorfenapiri huingia mwilini ikiwa bado haijawa kali. Hugeuzwa kuwa sumu kamili na vimeng'enya vya mbu mwenyewe, ambavyo ni vya kundi lile lile linaloivunja permethrini. Kwa hiyo mbu aliyejiwekea ngao nyingi ndiye anayeweza kuiamsha dawa hii kwa wingi.

Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla matokeo ya vibanda hayajathibitishwa vijijini kwa mizani kubwa. Huko Misungwi, mkoani Mwanza, makundi 84 yaligawiwa aina nne za vyandarua chini ya uongozi wa watafiti akiwamo Jacklin Mosha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miezi 24, vimelea vilikutwa katika asilimia 45.8 ya watoto waliopewa chandarua cha dawa ya pirethrini pekee, asilimia 40.7 ya waliopewa chenye PBO, na asilimia 25.6 ya waliopewa chenye klorfenapiri. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa mkazo aina hiyo ya mwisho.

FUNZO KWA VIWANDA

Historia hii ina maana kwa yeyote anayepanga viwanda nchini. Kiwanda cha kanga kikipata mashine nzuri na pamba nzuri, bidhaa yake itafaa mwaka huu na miaka 20 ijayo. Kiwanda cha vyandarua vyenye dawa hakina starehe hiyo. Bidhaa yake hupambana na kiumbe chenye uhai, na kiumbe hicho hubadilika kila kizazi, yaani kila baada ya majuma machache. Aina ya klorfenapiri iliyopimwa Misungwi hutengenezwa kwa uzi wa poliesta unaopakwa dawa mbili juu yake, si kwa kuyeyusha dawa ndani ya poliethilini. Wanunuzi wakubwa wanapohamia aina mpya, mitambo na ujuzi wa aina ya zamani huweza kubaki bila kazi, na pamoja nayo watu waliokuwa wakiishona.

Kiwanda cha Arusha kilitambua jambo hili mapema kiasi. Maabara ya utafiti ilijengwa hapo hapo kiwandani ikiwa na mbu wake wa kufugwa, na A to Z ikatoa chandarua cha jina lake yenyewe, MiraNet, kilichopitiwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Hata hivyo utegemezi ulibaki katika ncha zote mbili. Plastiki na dawa zilitoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya maagizo ilitoka kwa mashirika ya wafadhili. Mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha na kupunguza misaada yake ya nje, ugawaji wa vyandarua ulitikiswa katika nchi nyingi za Afrika.

Faida iliyopatikana haiwezi kukanwa. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2015 zilikadiria kwamba, kati ya visa vyote vya malaria vilivyoepushwa Afrika tangu mwaka 2000 kwa njia za kinga na tiba, asilimia 68 viliepushwa na vyandarua vyenye dawa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017, mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa miongoni mwa mikoa ambayo vimelea vilikutwa kwa mtoto asiyefikia mmoja katika kila 100. Lakini mbu bado wangali majarubani, na joto la tambarare halijapungua. Yaliyotokea Upare na Taveta baada ya mwaka 1959 yaonyesha kinachofuata ulinzi unapolegezwa.

Kwa sababu hiyo kibanda cha utafiti kilicho Moshi Chini ni sehemu ya kiwanda, ijapokuwa kiko mbali nacho na hakina mashine hata moja. Mashine za kufuma hutoa mita nyingi za wavu kwa saa; kibanda hutoa karatasi moja tu kila alfajiri, yenye idadi ya mbu waliokufa na walio hai. Pasipo karatasi hiyo, mwenye kiwanda, mnunuzi na mama anayemfunika mwanawe usiku wote wangekuwa wanatumainia nguo bila kujua kama bado inaua.